Kompyuta Chini ya Kitambaa

Hadi leo nikiingia nyumbani kwa mtu nikaona kitambaa cha kushonwa kimelazwa juu ya televisheni, hutafuta kiti cha kukipa mgongo. Si kosa la mwenye nyumba. Kitambaa ni kitambaa tu, na aliyekishona pengine alikaa nacho jioni nyingi huku macho yakimuuma. Lakini mimi niliwahi kufundisha katika shule iliyokuwa na kompyuta chini ya kitambaa, na tangu wakati huo kitu chochote kilichofunikwa vizuri namna hiyo huwa nakishuku. Nataka kukifunua nione kimeozea wapi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Shule yenyewe ilikuwa ya sekondari, ya kutwa, kando ya barabara itokayo Kendu Bay kwenda Homa Bay, karibu na ziwa kiasi kwamba upepo ukigeuka darasa zima lilinuka omena, dagaa wa ziwani. Mimi ni Mkuria wa Ntimaru. Nimekua kwa maziwa na uji wa wimbi, na samaki kwetu alikuwa kitu cha kuletwa na mgeni. Nilipopangiwa kazi huko watu waliniambia nitazoea ile harufu. Sikuzoea. Omena zilianikwa kwenye nyavu kuukuu hadi mlangoni pa darasa la kidato cha kwanza, inzi wakazijaa, na wanafunzi walipita katikati yake wakitafuna mbili tatu njiani. Nilikuwa nikifundisha hesabu huku nimebana pumzi.

Dholuo sikukijua, kwa hiyo niliishi kwa Kiswahili, sokoni na hata katika chumba cha walimu. Darasani tulitumia Kiingereza kama tulivyotakiwa, na Kiingereza kilipokwama, ambapo ni kila siku, nilishuka kwenye Kiswahili na wanafunzi wakanishusha tena kwenye Dholuo wakielezana wao kwa wao.

Kompyuta ilinitangulia kufika. Ilikuwa imeletwa na wageni wa kanisa kutoka ng'ambo, wakapiga picha, wakaenda zao. Siku yangu ya kwanza mwalimu mkuu alinipeleka ofisini kwake kuitazama. Alikuwa mtu mnene, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni, na aliongea polepole kama mtu anayesomewa hotuba sikioni. Kwanza alinionyesha beseni la maji na sabuni karibu na mlango. Nikanawa. Halafu akashika ncha ya kitambaa kwa vidole viwili, kitambaa cheupe chenye maua mekundu na maneno Karibu Wageni ambacho mkewe alikuwa amekishona, akakiinua hadi nikaona kioo na kisanduku cha rangi ya jivu, kisha akakishusha. Nilikuwa nimenawa mikono ili nitazame.

Aliniambia sheria ni moja tu: hakuna mwanafunzi wa kuigusa. Mikono yao, alisema, ina mafuta ya samaki na chaki na udongo. Kisha kwa sauti ileile akaniambia kwamba nitafundisha somo la kompyuta katika kidato cha pili, kwa sababu katika maombi yangu ya kazi nilikuwa nimesema nina mafunzo kidogo. Shule ilikuwa imewatangazia wazazi kwamba inafundisha kompyuta. Wengine waliwatoa watoto wao shule nzuri zaidi wakawaleta hapo kwa ajili ya neno hilo.

Mafunzo yangu yenyewe niliyapata Migori mjini, katika duka la vifaa vya kuandikia la mfanyabiashara Mwislamu aliyetoka Pwani. Alikuwa na kompyuta moja ya kuchapia mialiko ya harusi na maombi ya watu. Wakati wa likizo, wateja wakipungua, aliniachia kiti. Kiswahili changu kilimchekesha sana, na vidole vyangu vilimchekesha zaidi. Gonga taratibu, Mwalimu, alikuwa akiniambia, hicho si kinu. Kwa hiyo niliijua mashine ikiwa hai. Nilijua mlio wake wa kuamka, nilijua kialama kinachopepesa kwenye kioo kikingoja uandike. Labda ndiyo maana kile kisanduku cha ofisini kilinikera tangu siku ya kwanza. Kilikuwa maiti iliyopambwa.

Muhtasari wa somo ulianza na maendeleo ya kompyuta tangu mwanzo: vizazi vyake, cha kwanza hadi cha nne. Walimu wengine wangeandika ubaoni na wanafunzi wakanakili. Nilijaribu hivyo kipindi kimoja. Niliandika, wakanakili, nikawageukia nikaona nyuso zilizolala macho wazi. Nikajichukia. Nilifuta ubao wote.

Mzazi mmoja wa Kendu Bay alikuwa na redio ya zamani iliyoachwa na baba yake, kubwa kama kabati, imekufa miaka mingi. Nilimsihi akaniazima. Tuliifungua nyuma, wanafunzi wakaona valvu zake zimejipanga ndani, vioo vyenye nyuzi, na niliwaambia kompyuta za kwanza zilijaa vitu hivi chumba kizima na vilipata moto hadi watu wakavua makoti. Halafu nikaleta redio ndogo ya betri, ya transista, tukaifungua nayo. Halafu kalkuleta yangu mwenyewe, ile ya kutumia mwanga, nikaifungua kwa kisu, na humo ndani karibu hamkuwa na kitu, ila kipande cheusi kidogo kuliko ukucha. Walitazama redio, wakatazama kile kipande, wakatazama redio tena. Hapo ndipo walipoamka.

Msichana mmoja ndiye aliyeuliza swali lililonipata. Alikuwa mrefu, mkavu, mwepesi wa hesabu na mgumu wa kuamini. Alikaa mbele kando ya dirisha na hakuwa na haya ya kumkazia mwalimu macho.

"Madam," akasema, "wewe umewahi kuiona ikiwaka? Hii yetu?"

Nilisema yetu bado, lakini nyingine nimeiona na nimeitumia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za malaika. Baada ya kipindi alinifuata, akanieleza bila kulalamika kwamba baba yake alikuwa amehamia Macalder kuchimba dhahabu, na mwaka ukiisha mama angewachukua wote waende huko wakasaidie kuosha mchanga. Kwa hiyo yeye hangerudi. Alitaka tu kujua kama vitu tunavyofundishwa ni kweli, kwa sababu hangekuwa na wakati mwingine wa kujua.

Nilimwahidi. Nilimwambia kabla mwaka haujaisha atakaa mbele ya ile mashine, aandike jina lake, na aone herufi zake zikitokea kwenye kioo. Nilisema hivyo kwa hasira zaidi kuliko kwa upole, lakini nilisema.

Kipindi kilichofuata niliwatoa nje uwanjani. Nilitaka waelewe kitu kinachofanywa na ile valvu, na transista, na kile kipande cheusi, kwamba ni kitu kilekile kwa miaka yote, ila kimepungua ukubwa. Niliwapanga mstari mmoja wakinitazama. Aliyesimama alikuwa moja, aliyechuchumaa alikuwa sifuri. Wa kwanza kulia alihesabiwa moja, wa pili mbili, wa tatu nne, wa nne nane, hivyo hivyo kila mmoja mara mbili ya mwenzake. Nikipiga kofi, wa kwanza anasimama. Nikipiga tena, akiwa tayari amesimama, anachuchumaa na kumgusa jirani yake, na jirani naye anafanya hivyohivyo. Mwanzoni ilikuwa fujo. Walicheka, walianguka, walisahau kugusana. Kisha ghafla ikakaa. Nilipiga makofi na mstari ukainuka na kushuka wenyewe, na waliobaki pembeni walisoma hesabu kwa sauti, na haikukosea. Yule msichana alikuwa wa mwisho kabisa kushoto, aliyeguswa mara chache kuliko wote. Alingoja akiwa amechuchumaa, macho kwa jirani yake, na alipoguswa alisimama wima na darasa zima likapiga kelele.

Niliwaambia hiyo ndiyo kompyuta. Haina akili, ina kusimama na kuchuchumaa tu, ila haichoki na haichekicheki. Niliwaambia pia kwamba zamani neno hilo lilikuwa jina la watu, watu waliolipwa kukaa wakipiga hesabu siku nzima, kwa hiyo leo wao wamerudia mwanzo. Sijawahi kufundisha kipindi kizuri kama hicho tena.

Mwalimu mkuu alinisubiri kwenye baraza. Hakunipigia kelele, hakuwa mtu wa kelele. Aliniambia wazazi wanapita pale barabarani, na wakiona watoto wamechuchumaa uwanjani watadhani shule haina vyoo. Nikamweleza lile somo. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema vizuri sana, Madam, lakini ndani ya darasa kuna madawati. Nilimwomba basi aturuhusu tuwashe mashine mara moja tu, siku jenereta ya kanisa ikiwa imewashwa. Akanitazama kama nimemwomba mkewe.

"Ikiharibika, wafadhili nitaambia nini? Hii kitu si ya kuchezea, Madam. Hii ni heshima ya shule."

Na kweli ilikuwa heshima. Kila mgeni aliyefika, awe mkaguzi au mchungaji au muuza vitabu, alinawishwa, akaingizwa, akainuliwa kitambaa, akashangaa, akashushiwa. Niliwaona wazee waliovuka kutoka visiwani, watu waliojua kutengeneza mashua kwa mikono yao, wakinawa mikono kwenye lile beseni na kusimama mbele ya kioo cheusi kwa unyenyekevu, kofia kifuani. Kama mtu angewaambia ule mfuniko wa maua ndio kompyuta wangeushukuru pia.

Wakati wa likizo ya Agosti shule ya jirani iliibiwa mashine ya kuandikia. Mwalimu mkuu aliogopa sana, na hapo ndipo akafanya lile jambo ambalo mpaka leo nikilisimulia watu wanadhani naongeza chumvi. Aliihamishia kompyuta stoo. Kwa nini stoo? Kwa sababu stoo ya chakula ndiyo iliyokuwa na mlango wa chuma na kufuli mbili. Katika shule nzima, mahali palipolindwa kuliko pote palikuwa pale palipokaa mahindi, maharagwe na omena za chakula cha mchana. Chakula ndicho kilichokuwa kikiibiwa, si vitabu. Kwa hiyo kompyuta ililala huko juu ya meza ya mbao, kitambaa juu yake, gunia la omena upande huu na gunia la mahindi upande ule.

Niliporudi kutoka Ntimaru na kuambiwa, nilikwenda moja kwa moja kwake. Nikamkumbusha kwamba kile kisanduku kina tundu nyuma, kifuniko kimoja kidogo kilipotea safarini, nilikuwa nimeliona siku moja wageni walipokuwa wakionyeshwa. Nikamwambia stoo ina panya. Alitabasamu.

"Panya anakula chakula, Madam. Hawezi kula chuma."

Nilimwomba ufunguo mpishi nikaingia. Sitasahau ule mnuko. Harufu ya omena iliyofungiwa kwenye joto la bati hukushika kooni kama mkono, na chini yake kulikuwa na harufu nyingine, chungu, ya mkojo wa panya. Nilipowasha kibiriti vitu vikakimbia juu ya magunia. Juu ya kitambaa, katikati ya maua mekundu, kulikuwa na mavi meusi yametapakaa kama mbegu za mpapai. Nilikikunja vilevile kilivyo, nikakipeleka ofisini, nikakifungua juu ya meza yake mbele ya kalamu zake. Alikitazama kwa huzuni ya kweli, akamwita mfanyakazi, na akaagiza kifuliwe.

Hilo ndilo pekee alilofanya. Kitambaa kilifuliwa kwa sabuni ya unga, kikapigwa pasi, kikarudishwa stoo.

Ningeacha hapo kama si ile ahadi. Msichana hakunikumbusha kwa maneno, alinitazama tu kila nilipoingia darasani. Nilimsumbua mwalimu mkuu asubuhi na jioni hadi akaanza kunikimbia. Mwishowe Siku ya Wazazi ilipokaribia alipata wazo, na kwa kuwa lilikuwa lake alilipenda. Mgeni wa heshima angekuwa mkubwa mmoja kutoka Homa Bay mjini. Kungekuwa na jenereta kwa ajili ya kipaza sauti. Basi mgeni angewasha kompyuta mbele ya umati, na mwanafunzi mmoja angeandika jina lake ili wazazi waone matunda ya karo. Akaniambia nichague mwanafunzi msafi.

Nilimchagua yeye. Nilichukua ubao wa kasha la sabuni, nikachora kibodi nzima kwa wino, kila herufi mahali pake, kwa ukubwa wake. Alijifunzia juu ya kasha hilo wiki zilizobaki. Nilimfundisha vile mfanyabiashara wa Migori alivyonifundisha: gonga taratibu, na usitazame vidole, tazama kioo. Kwa kuwa hakukuwa na kioo alitazama dirisha. Wakati wa mapumziko wenzake walimkuta akigonga kimya, midomo ikitaja herufi, uso umeinuliwa nje kwenye ziwa. Walimcheka mwanzoni, kisha wakaanza kupanga foleni nao wagonge. Kasha lilifutika katikati, nikalichora upya.

Niliomba kuijaribu mashine siku moja kabla. Nilikataliwa. Ikiwashwa leo, alisema mwalimu mkuu, kesho haitakuwa mara ya kwanza, na mgeni wa heshima ameahidiwa mara ya kwanza. Nilirudi nyumbani kwangu nikaupiga ukuta teke.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Wazazi walikaa chini ya maturubai, akina mama wamevaa vizuri, na mshenzi mmoja tayari amelewa nyuma. Kompyuta ilitolewa stoo na wanaume wawili, ikawekwa juu ya meza mbele ya umati, kitambaa kimepigwa pasi hadi kina mistari ya pasi. Mimi nilikuwa karibu, na pua yangu, ambayo haijawahi kuzoea kitu, ilisikia stoo yote imekuja nayo. Nilimwambia mwalimu mkuu kwa sauti ya chini kwamba ninataka kuitazama ndani kwanza. Alinisogeza kwa kiwiko. Msichana alisimama kando ya meza, sare imefuliwa, mikono ameinawa mara sijui ngapi, ameishika mbele yake bila kugusa kitu.

Kulikuwa na hotuba. Kulikuwa na wimbo. Mgeni wa heshima akanawa mikono mbele ya watu wote, na beseni likashikiliwa na mwalimu mzima mwenye shahada. Kitambaa kikainuliwa. Mama mmoja nyuma yangu akaninong'oneza, "Japuonj, hiyo ndiyo inapiga hesabu yenyewe?" Japuonj ni mwalimu kwa lugha yao. Nikamjibu ndiyo, mama, hiyo ndiyo.

Mgeni akabonyeza. Kukawa na mlio mdogo, kama punje moja ya bisi kwenye sufuria. Kisha kimya. Kioo kilibaki cheusi, na kutoka nyuma ya kisanduku ukapanda uzi mwembamba wa moshi wenye harufu ya nywele zilizoungua. Nilichomoa waya. Mimi pekee ndiye niliyesogea. Mgeni alimtazama mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu, bila hata kumeza mate, akashika kipaza sauti akasema kwamba kompyuta imewaka, ila jua la leo ni kali mno, ndiyo maana mwanga wake hauonekani.

Wakapiga makofi. Wazazi, walimu, mgeni wa heshima mwenyewe aliyekuwa nusu hatua kutoka kwenye kile kioo cheusi, wote walipiga makofi. Walimu wenzangu walitikisa kichwa kukubali. Ni kweli, mmoja alisema karibu nami, jua ni kali.

"Haijawaka, mheshimiwa," nikasema. "Imeungua."

Nilisema kwa sauti ya darasani, waliokaa mbele walisikia. Mgeni alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyetoa upepo kanisani. Mwalimu mkuu alicheka kwenye kipaza sauti, akasema Madam wetu ni mtu wa utani, akatangaza kwamba chakula kiko tayari. Msichana alikuwa bado amesimama pale pale. Alimuuliza mwalimu mkuu kwa heshima kama aandike sasa. Aliambiwa muda hautoshi, aende akakae.

Nimewahi kuona vitu vichafu maishani. Nimeona choo cha shule kikifurika wakati wa mvua, nimeona ng'ombe aliyekufa siku nne. Sijawahi kusikia kinyaa kama nilichosikia kwa yale makofi.

Umati ulipohamia kwenye wali na kuku, mwalimu mkuu alinikuta nimesimama na ile mashine, akaniambia kwa meno yaliyofungwa kwamba inanuka na wageni wanakula, niwachukue watoto wangu tuisafishe haraka. Watoto wangu. Kidato cha pili wote walikuja bila kuitwa. Tuliibeba hadi darasani, nikachukua bisibisi ile tuliyofungulia redio, nikafungua kisanduku.

Panya alikuwa amejenga nyumba. Nyuzi za gunia, karatasi zilizotafunwa, maganda, na vichwa vya omena, vichwa vingi vikavu vyenye macho, vimeshindiliwa humo hadi juu. Waya zilikuwa zimegugunwa zikabaki shaba tupu. Katikati, katika shimo lenye joto, kulikuwa na watoto wa panya, wa pinki, vipofu, wengine wameungua na wengine bado wanajikunjakunja. Mkojo ulikuwa umekauka juu ya kila kitu ukawa kama utandu wa uji. Mvulana mmoja alitoka nje akatapika, na mimi nilikaribia kumfuata.

Halafu mmoja akasema, "Madam, ile si prosesa?"

Ilikuwa prosesa, pale hesabu zote za mashine zinapofanyika. Walikuwa wameinama wote, vichwa vimegusana juu ya uvundo ule, wakinyoosha vidole. Hii ni diski. Hizi ni memori, zimepangwa kama ulivyochora ubaoni. Kile ni kile kipande cheusi kama cha kalkuleta, ila kikubwa. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyengoja ruhusa. Waliingiza mikono yao, ile mikono ya mafuta ya samaki na chaki, wakatoa vichwa vya omena na mavi na wale watoto wa panya, wakafuta kila sehemu kwa mashati yao na kuitaja jina. Niliwatazama, na kwa muda huo mfupi sikusikia kinyaa.

Kibodi ndiyo iliyokuwa safi. Haikuwahi kutolewa kwenye mfuko wake wa nailoni, hata pale mezani mbele ya wazazi. Yule msichana aliutoa, akaiweka juu ya dawati lake kando ya dirisha, waya wake ukaning'inia chini bila kuunganishwa popote. Akaandika jina lake. Jina lake lilikuwa refu, la ukoo wote, na aligonga taratibu bila kutazama vidole, macho yake kwenye kile kioo kilichokufa tulichokuwa tumekiegemeza ukutani. Vitufe vililia vizuri. Alipofika mwisho alibaki akikitazama kioo.

"Nimeandika, Madam," akasema. "Lote."

Nilimwambia aandike tena, na akaandika tena.

Mwalimu mkuu alitukuta hivyo. Mgeni wa heshima alikuwa amemaliza kula na alitaka picha na kompyuta kabla ya kuondoka. Wanafunzi waliambiwa wafunge kisanduku upesi, wakanawe mikono kwa sabuni. Mashine ikarudishwa juu ya meza, kitambaa kikalazwa juu yake na kukunjwa kidogo upande mmoja ili kioo kionekane. Mpiga picha alisema inafaa awepo mwanafunzi, na kwa kuwa msichana alikuwa karibu na sare yake ilikuwa safi kuliko za wenzake, akasimamishwa yeye.

Januari hakurudi, kama alivyosema. Mimi niliomba uhamisho mwaka uliofuata nikapata shule upande wa Migori isiyokuwa na kompyuta yoyote, na nilifurahi. Siku niliyokwenda kuaga, ile picha ilikuwa imetundikwa ofisini juu ya beseni. Mwalimu mkuu ameshika ncha ya kitambaa, mgeni ameweka kiganja juu ya kisanduku na anatabasamu. Msichana amesimama kando, mrefu, anaikazia macho kamera, na mikono yake ameificha nyuma. Aliambiwa asiiguse.